Wanafunzi Ishirini wa Nyumba ya Ndahani

Mimi Mbwana bin Hassani, mzaliwa wa Kondoa, niliyesomea ualimu Tanga miaka mitatu nikawashinda wenzangu wote isipokuwa wawili, sikuja Ugogo kufundisha ng'ombe. Nalisema hili mwanzoni kabisa kwa sababu watu wa kwetu wanapenda kunichokoza nalo. Ni kweli ng'ombe walikuwa wakiingia darasani. Lakini hawakuandikishwa.

Shule yenyewe ilikuwa Ihumwa, na ili unielewe lazima nikueleze habari za nyumba. Ilikuwa tembe kubwa, kuta za miti na udongo, paa bapa la udongo unaloweza kutembea juu yake, milango mifupi, na katikati uwanja ambao ndio zizi. Aliijenga mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi, jina lake Ndahani, kabla Wajerumani hawajafika. Ndahani akafa, akazikwa humo humo zizini kama anavyozikwa mwenye mji. Baada yake wakaja Wajerumani, wakaipenda nyumba, na Mjerumani wa siku zile akipenda nyumba ya mtu haulizi. Wakaifanya ngome. Wakatoboa matundu ya bunduki ukutani, wakasimika mlingoti wa bendera katikati ya zizi, wakakaa humo miaka minne wakimngoja adui ambaye hakuja. Walipochoka kumngoja wakahamia Kilimatinde, na nyumba ikawa hospitali ya nyumbu wa mizigo wa wapimaji wa njia ya reli. Nyumbu wakafa wote. Ndipo serikali ikakaa ikafikiri, ikaona kwamba nyumba inayonuka namna ile itafaa kuwa shule, ikaniita mimi.

Hayo ndiyo mabadiliko yaliyoandikwa katika karatasi za serikali. Kwa wenyeji nyumba haikubadilika hata siku moja. Bibi Ruthu, binti yake Ndahani, ambaye Wajerumani walimwacha ajenge kibanda nje ya ukuta wa baba yake, alipanda juu ya paa kila asubuhi kuanika uwele. Nilikuwa nikiandika ubaoni huku vumbi likinimwagikia kichwani. Ng'ombe wake, ambao mama zao na bibi zao walizaliwa mle, walirudi kila adhuhuri kupumzika kivulini, na wala hawakubisha hodi. Niliwafukuza kwa fimbo, kwa mawe, na mara moja kwa hotuba.

"Bibi," nilimwambia, "hii sasa ni shule."

"Ndiyo, mwanangu," alinijibu kwa upole sana. "Walipokuwa wanajeshi waliniambia ni ngome. Walipokuwa nyumbu hawakuniambia kitu. Wewe unasema ni shule. Mimi sikatai. Nishikie ungo nishuke."

Nilimshikia ungo.

Sasa habari ya wanafunzi. Serikali ilimwagiza jumbe wa pale, Yotham, alete wanafunzi ishirini. Haikutaja umri. Hilo lilikuwa kosa la serikali, si langu, na niliandika barua mbili kulieleza.

Kwa Wagogo kila ukoo una ukoo mwingine ambao ni watani wake. Mtani wako ana ruhusa ya kukutukana mbele ya wakwe zako, kukupaka majivu, kuchukua kitu chako akakaa nacho mpaka umpe mbuzi, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Hata akifa mtu, watani ndio wanaokuja kumtukana marehemu kaburini ili wafiwa wacheke na msiba uishe. Basi Yotham alipotangaza kwamba kila ukoo utoe watu wawili wa kwenda shule, hakuna ukoo uliotaka kupoteza watu wake. Watoto ndio wanaochunga ndama na kufukuza ndege shambani. Kila ukoo ukaenda kukamata watani. Watoto wakakimbia, vijana wakakimbia, wakakamatwa wale ambao magoti hayakuwaruhusu.

Kwa hiyo siku ya kwanza nilipofungua mlango nikiwa nimevaa kanzu safi na kofia mpya, nilikuta wazee ishirini, Bibi Ruthu akiwa mmoja wao, wameketi chini na fimbo zao, wamecheka mpaka wengine wanafuta machozi. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita. Mwanafunzi wangu mdogo kuliko wote alikuwa na wajukuu.

Ubaya wa kwanza ulikuwa salamu. Amri ya serikali ilisema mwalimu akiingia, wanafunzi wasimame wamsalimu. Adabu niliyofundishwa na mama yangu inasema mdogo humwamkia mkubwa. Nilijaribu siku mbili kuingia bila kuamkia, na siku zote mbili nilifundisha nikitazama ukuta. Siku ya tatu nikasalimu amri ya mama yangu. Nikawa naanza somo kwa kuzunguka darasa zima nikiinama mbele ya kila mmoja: shikamoo, shikamoo, shikamoo, mara ishirini, na kila mmoja akitaka kujua nimeamkaje, na Kondoa hawajambo, na baba hajambo, na mbona sijaoa. Nikifika kwa wa ishirini, jua limeshakuwa juu na ng'ombe wanaingia.

Aliyenitesa zaidi aliitwa Mzee Kefa. Alibatizwa misheni uzeeni, akapewa jina hilo, akalipenda, lakini kuliona limeandikwa alikuwa bado. Nilipomwambia asimame mwalimu akiingia, aliniuliza kwa nini.

"Ndiyo heshima ya shule, Mzee."

"Nikisimama nitakaa tena?"

"Utakaa."

"Basi mbona usinikute nimekaa, tukaokoa safari?"

Herufi alizitazama kwa jicho la mtu aliyekwenda mnadani kununua. Nilipochora U akasema huyo ni ng'ombe wa marehemu baba yake, pembe zimesimama. T akasema ni yule dume wa jumbe Yotham, pembe zimelala pembeni, mkorofi. I haikuwa na pembe, kwa hiyo ilikuwa ndama. Wenzake wakaona maneno hayo yana maana kuliko yangu. Muda si muda darasa zima likawa linabishana kama S ni ng'ombe mgonjwa au amejikunja tu analamba mgongo. Nilipandwa na hasira nikasema herufi si ng'ombe. Mzee Kefa akanitazama kwa huruma, akasema angeziamini zaidi kama zingekuwa ng'ombe.

Na hao ndio waliokuja. Wengi hawakuja. Leo kuna msiba Mkonze, kesho kuna pombe, keshokutwa mbuzi amepotea. Siku yangu bora katika miaka miwili niliwapata saba, na mmoja kati yao alikuwa amekuja kumtafuta huyo mbuzi.

Usidhani nilikuwa nataka kuondoka. Nililalamika, ndiyo, kulalamika ni haki yangu, lakini nilitaka kitu kimoja tu duniani: nyumba ile ibaki shule na mimi nibaki mwalimu wake. Baba yangu Hassani alikwisha kuwatangazia watu wote wa Kondoa kwamba mwanawe ni mkuu wa shule. Alikuwa hajui kuhusu ng'ombe. Na zaidi ya baba, mimi mwenyewe nilitaka kumwona mtu mmoja, mmoja tu, akisoma kwa sababu yangu. Nilikuwa bado sijamwona.

Mwaka ule reli ilikuwa ikija kutoka Morogoro, na kila nyumba kubwa iliyokuwa karibu na njia yake ilianza kutazamwa kwa macho mengine. Barua ikanifikia kutoka kwa Bwana Shauri, yule mkubwa wa Kijerumani aliyetawala wilaya. Ilisema atakuja Jumatatu kukagua. Akikuta shule, shule itabaki. Asipokuta shule, nyumba itakuwa ghala la saruji ya reli, na mwalimu arudi kwao.

Nilihangaika siku sita. Nilipaka kuta udongo mweupe. Niliziba matundu ya bunduki. Nilimwomba Bibi Ruthu asianike uwele, akakubali. Nilimwomba awapeleke ng'ombe mbugani mpaka jioni, akakubali. Nilizunguka nyumba kwa nyumba nikiwaamkia wanafunzi wangu na kuwasihi waje wote ishirini, wakakubali kwa sababu walikuwa hawajawahi kumwona Bwana Shauri kwa karibu na walisikia anapenga kamasi kwa sauti ya ajabu. Kwa jambo hilo watu walimwita Bwana Tarumbeta. Niliwafundisha wimbo mmoja mfupi wa kumsifu Kaisari, mfalme wa Wajerumani. Waliuimba kwa sauti ya kuombea mvua, lakini waliuimba wote.

Jumatatu Bwana Tarumbeta akafika na askari wanne. Alikuwa mrefu. Nilikuwa nimefikiria kila kitu isipokuwa urefu wake. Milango ya tembe hutaka mtu ainame, na yeye hakuwa mtu wa kuinama. Akaingia kwa kishindo, paji la uso likagonga boriti ya mlango, kofia ikadondoka, udongo wa paa ukammwagikia shingoni. Akasimama katikati ya zizi, chini ya mlingoti, akapenga kamasi, halafu akaanza kutukana kwa Kiswahili kizuri kabisa cha pwani.

"Nyumba gani hii? Nani aliijenga? Aliyeijenga alikuwa mjinga. Alikuwa kipofu. Alikuwa mfupi, na mama yake alikuwa mfupi, na harufu hii ya ng'ombe ni yake mwenyewe."

Alisema hayo akiwa amesimama juu ya kaburi la Ndahani.

Niliwaona wazee wakitazamana. Halafu Bibi Ruthu, aliyekuwa mstari wa mbele, akapiga kigelegele ambacho sijasikia mfano wake hata harusini.

Lazima nieleze, maana wakati ule mimi mwenyewe nilikuwa sielewi, nilieleweshwa baadaye na Mzee Kefa. Ndahani alifariki mwaka wa sotoka, ng'ombe walipokufa nchi nzima na watu wakatawanyika kutafuta chakula. Watani wake nao walitawanyika. Akazikwa bila mtani hata mmoja kuja kumtukana. Kwa Wagogo huo ni msiba uliobaki nusu. Miaka kumi na minane Bibi Ruthu alikuwa akingoja mtu aje asimame pale aseme baba yake alikuwa mjinga.

"Lakini Mzee," nilimwambia Kefa baadaye, "mliona kabisa kwamba yule ni Mjerumani."

"Tuliona."

"Mjerumani anatoka wapi na ukoo wa utani?"

"Hatukujua ukoo wake ni upi. Wewe unaujua?"

"Siujui."

"Basi. Mtu anayemtukana maiti juu ya kaburi lake ama ni mtani, ama ni mwovu. Yule alikuwa mgeni. Sisi hatuwezi kumdhania mgeni uovu."

Nilifikiri sana nikatafuta kosa katika maneno hayo, na mpaka leo sijalipata.

Basi wakampokea mtani wao kwa heshima zote. Mzee Kefa akainuka, yeye ambaye miaka miwili alikataa kuniinukia mimi, akamwambia Bwana Shauri kwamba pua ile ingetosha watu watatu na ni uchoyo kutembea nayo peke yake. Mwingine akamuuliza kama miguu yake aliirithi kwa korongo au aliiazima. Wazee walikuwa wanacheka mpaka wanashikana mabega. Bibi Ruthu akaiokota kofia ya serikali, akaivaa juu ya kilemba chake, akatangaza kwamba hataitoa mpaka apewe mbuzi jike mwenye mimba. Kisha akachota majivu mekoni, akamwendea Bwana Shauri machozi yakimtiririka kwa furaha, akampaka paji la uso, pale pale lilipovimba.

Bwana Tarumbeta akanigeukia.

"Mwalimu. Wanafanya nini hawa?"

"Wanakuheshimu, Bwana."

"Kwa majivu?"

Ungekuwa mwaka mwingine labda ningemweleza. Lakini vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha juzi tu huko kusini, na Mjerumani wa wakati ule akipakwa kitu asichokijua na mtu mweusi mwenye furaha, alikiona ni dawa ya vita moja kwa moja. Akarudi nyuma mpaka kwenye mlingoti. Askari wakashika bunduki zao. Na ng'ombe, kwa kuwa ilikuwa imefika adhuhuri na mbugani hakuna kivuli, wakaingia.

Nilimwimbia wimbo wa Kaisari peke yangu. Sijui kwa nini. Nilidhani utasaidia.

Hukumu ilitolewa pale pale, ng'ombe mmoja akiwa anamlamba Bwana Shauri mkono. Alitaka kwanza kuwachapa viboko hamsa ishirini, yaani ishirini na vitano kila mtu, akawatazama, akaona wengine hawatafika hata vitano. Basi akasema hivi: kuanzia leo nyumba hii si shule. Ni gereza. Waliomo ndani wote ni wafungwa kwa miezi sita kwa kosa la kuidharau serikali. Askari mmoja, Sila, atabaki kuwalinda. Na kwa kuwa Sila hajui kuandika na serikali inataka taarifa ya maandishi kila Ijumaa, mwalimu atakuwa bwana jela.

Akaondoka bila kofia. Safari hii aliinama mlangoni.

Nilikaa chini nikashika kichwa. Shule yangu ilikuwa imekufa. Nilimfikiria baba yangu akisimama barazani kwake kueleza kwamba mwanawe sasa ni mkuu wa gereza. Wafungwa wangu nao walinitazama kwa wasiwasi. Mwishowe Mzee Kefa akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, hujatuamkia leo."

Ilikuwa kweli. Nikainuka, nikaanza mstari wa mbele, shikamoo, shikamoo, na nilipofika wa kumi nikasimama. Nikahesabu. Nikahesabu tena. Walikuwa ishirini kati ya ishirini. Na kesho yake wangekuwa ishirini, na keshokutwa, na hapakuwa na msiba wala pombe wala mbuzi duniani ambaye angewatoa mle kwa miezi sita. Nikachukua chaki.

Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na naona aibu kidogo kuisema, maana wenzangu walikuwa kifungoni. Tulianza asubuhi na kuacha jua linapotua. Jamaa zao walileta ugali na mlenda mchana, wakakaa kusikiliza, wakaondoka. Gereza lenyewe halikuwa na mlango wa maana, ulikuwa wa fito, na askari Sila aliegemeza bunduki ukutani siku ya pili ili ashike kibao cha kuandikia vizuri. Wiki ya tatu nilimhesabu naye kwa makosa, nikaandika katika taarifa ya Ijumaa kwamba wafungwa ni ishirini na mmoja. Hakuna aliyeniuliza. Ng'ombe niliwaruhusu. Nilisema moyoni kwamba gerezani hakuna sheria ya kuwakataza, nimeisoma yote.

Na wakajifunza. Sikutegemea. Mwezi wa kwanza Bibi Ruthu aliandika jina la baba yake kwa kidole kwenye mavumbi ya zizi, akakaa pembeni yake mchana kutwa asiruhusu mtu kupita. Mwezi wa pili waliweza kuunganisha: ma na ma, mama; ba na ba, baba. Mzee Kefa alikuwa wa mwisho katika kila kitu. Herufi moja moja alizijua zote, zote na pembe zake, lakini zikisimama pamoja zilimtoroka. Alikuwa akinyamaza mbele ya neno dakika nzima, midomo ikicheza, halafu anasema, "Wamechanganyika," anakaa. Wengine wakamwacha nyuma. Nilibaki naye peke yake kila siku baada ya somo, na wala sikuwa na hasira tena, jambo lililotushangaza wote wawili.

Mwezi wa nne wa kifungo mvua zikaanza. Aliyekaa Ugogo anajua maana yake. Mvua ya kwanza ikinyesha mtu hutakiwa kuwa shambani kesho yake asubuhi, maana hujui kama itakuja ya pili. Wafungwa wangu walisimama mlangoni wakitazama matone yakipiga vumbi. Wajukuu zao walikuja kuuliza wapande shamba lipi kwanza, wakaelekezwa kwa kidole kupitia mlango wa fito. Hakuna aliyetoka. Wangetoka, serikali ingenifunga mimi, na walilijua hilo.

Siku mbili baada ya mvua ile tarishi akaleta barua. Ilikuwa fupi. Niliisoma nimesimama mbele ya darasa, nikaikunja, nikaitia mfukoni mwa kanzu.

"Kuna habari?" Bibi Ruthu akauliza.

"Barua ya kawaida," nilisema. "Tuendelee."

Nilisema uongo. Nauandika hapa wazi ili mtu mwingine asije akausema kwa niaba yangu. Barua ilisema wafungwa waachiwe siku hiyo hiyo. Saruji ilikuwa njiani. Na mimi nilifikiri: wiki moja tu. Wameshafika kwenye maneno marefu. Wiki moja, mbili, hakuna atakayejua, ni mimi peke yangu ninayesoma hapa. Siku ile nikafundisha. Siku ya pili nikafundisha, na nje ikanyesha tena, na nikamsikia mzee mmoja akimwambia mwenzake kwamba mbegu zake za mtama zitaliwa na panya ghalani mwaka huu. Barua ilikuwa nyepesi lakini niliisikia mfukoni kila nilipogeuka. Ugali wao ulipoletwa nilimpa Sila sehemu yangu.

Siku ya tatu tukamaliza kila kitu. Kitabu kimoja tulichokuwa nacho walikijua kwa moyo, na ubao walishausoma juu, chini na pembeni. Nilikuwa nafuta ubao nikifikiri niandike nini, nikamsikia Mzee Kefa anainuka. Aliinuka taratibu, akishika ukuta.

"Mwalimu," alisema, "haya yote tumeshayaona. Nikiyatazama sijui kama nasoma au nakumbuka. Nipe kitu ambacho sijawahi kukiona. Una karatasi hapo mfukoni."

Ningeweza kumwambia chochote. Ningeweza kusema ni siri ya serikali, naye angekaa chini na kuniomba radhi. Lakini katika miaka yangu yote pale, hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniomba kitu cha kusoma. Sikujua kwamba kuombwa kunauma namna ile. Mkono wangu ukaingia mfukoni, ukaitoa ile barua, ukampa.

Akaikunjua. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akaigeuza kuelekea kwenye mwanga wa mlango.

"Wa," akasema. "Wa-fu. Wafu. Wafu-ngwa. Wafungwa." Akasogeza kidole. "Wo-te. Wafungwa wote."

"Endelea, Mzee," nilimwambia.

"Wafungwa wote wa-a. Wa-a-chi. Waachi-we." Midomo ikamcheza, nikadhani herufi zitamtoroka. "Waachiwe leo."

Hakuna aliyeinuka. Mlango ulikuwa wazi, nje udongo ulikuwa umelowa, mbegu zilikuwa zikiwangoja majumbani, nao wote kumi na tisa wakabaki wameketi pamoja na askari Sila, wamemkazia macho Kefa, maana alikuwa hajamaliza.

"Nyu-mba. Nyumba i-ta-ku-wa." Akakwama. Akaja na ile karatasi mpaka mbele yangu, akaniwekea kidole penye neno. "Hili halijapata kupita kwangu. Nisaidie."

Nikalitazama lile neno. Nikamwonyesha. "Hizi mbili husemwa pamoja, Mzee. Gha."

"Gha. Gha-la. Ghala." Akatikisa kichwa kuridhika. "Nyumba itakuwa ghala la sa-ru-ji. Mwa-li-mu." Hapo akainua macho akanitazama, akarudi kwenye karatasi, sauti yake ikashuka, lakini hakuacha. "Mwalimu Mbwa-na a-ru-di kwa-o Ko-ndo-a." Kisha akasoma tarehe. Ilikuwa ya juzi. Akaisoma mara moja tu, wazi, kila mtu akaisikia.

Nilingoja anilaani. Nilikuwa tayari, na nisingejitetea. Nilikuwa nimeanza kulia, kanzu yangu inajua.

Mzee Kefa akaikunja barua vizuri kwa mikunjo yake ile ile, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Mwalimu," akaniuliza, "nimekosea wapi?"

Nikamwambia hakukosea mahali popote.